Ka Si Kiswahili, Mama

Kiswahili sikufundishwa na mtu. Nilikiiba.

Nilikuwa nimeshaolewa, nimeshazaa mara mbili, ndipo nikaanza kwenda Sumbawanga mjini kuuza maharage. Pale sokoni Kifipa changu kikawa kinafika nusu ya njia. Wateja wa kuja wananiangalia kama wanaangalia mbuzi anapiga chafya. Nikasema haya, nitasikiliza. Nikikuta neno zuri kwa mtu, nalibeba lote: neno, sauti yake, mdomo ulivyokaa, na mkono kiunoni kama ulikuwepo.

Kwa hiyo Kiswahili changu kina wenyewe. Maneno ya bei ni ya mama mmoja wa Kirando, muuza dagaa, sauti kama bati linaburutwa: "Ongeza hapo, baba! Dagaa hawakujianika wenyewe!" Maneno ya serikali ni ya mtendaji wetu wa kijiji kule Mwazye. Huyo alikuwa anasema "kwa mujibu wa" hata akiomba maji ya kunywa. Ya kanisani niliyatoa kwa padri wetu wa zamani, Mzungu, ambaye yeye Kiswahili alikitoa kitabuni. Kabla ya neno anasimama, macho darini, unaona kabisa anatafuta, kama mtu ana funguo ishirini na mlango mmoja. "Ndugu zangu... dhambi... zetu... zile... zinatuumiza." Kanisa zima tunamsukuma kimoyomoyo. Lakini likitoka limetoka, safi, halina vumbi. Yangu yalikuwa yanatoka mbio na matope yote.

Tena kuiba kuna hasara yake. Siku moja nilikwenda kwa yule mtendaji kuomba barua. Nimesimama mbele ya meza, natafuta sauti ya kuomba, sina! Ya kuomba sikuwahi kuiba. Nikatoka na ya dagaa: "Lete barua hapo, baba, acha kunizungusha!" Akaweka kalamu chini. "Mama, kwa mujibu wa adabu, toka nje, uingie upya."

Haya yote nasema tu. Anayeandika ni binti yangu mkubwa, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nimemkataza kunisahihisha. Pale mtakapoona pamenyooka sana, mjue amenidhulumu.

Sasa, kuiga watu ni raha, ila kuliwahi kunitia aibu kubwa. Kitindamimba wangu yuko Tanga, fundi wa kuchomelea vyuma. Mchumba wake wa kwanza alimleta tumwone. Msichana mzuri, mchapakazi, lakini alikuwa anaongea puani. Mimi jikoni na wenzangu nikamwiga kidogo: "Mama, bniwaletee bmaji?" Tumecheka mpaka machozi. Kugeuka, yule binti kasimama mlangoni na ndoo ya maji kichwani. Aliitua ndoo polepole, hata tone halikumwagika, na asubuhi akapanda basi. Mwanangu alikaa miaka sita bila kumtaja mwanamke. Ndevu zikaanza kuota mvi.

Halafu akapiga simu. Kampata mwingine, Mtanga, mwalimu wa chekechea, Mkatoliki kama sisi, kwa hiyo upande huo hapakuwa na neno. Wakioana anarudi naye kuishi huku, ndiyo maana baba wa binti anakubali nusu na nusu anakataa. Kamtuma dada yake, shangazi wa binti, aje na huyo binti waone mtoto wao anapelekwa wapi. Akirudi na neno zuri, ndoa ipo. Akirudi amenuna, basi.

"Mama," mwanangu akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Hii ikivunjika sina nyingine. Naomba usimwige mtu. Na hao ni watu wa Tanga, mama. Kiswahili chako kile cha dagaa..."

Nikakata simu, nikampigia dada yake mkubwa.

Ndiyo maana juma moja kabla ya wageni nikatoka Mwazye na begi langu, nikaenda kukaa kwa binti yangu Kizwite, palepale Sumbawanga mjini, ili nifundishwe. Mimi! Na magoti haya.

Akanikalisha kwenye ndoo iliyofunikwa. Mlango wa stoo ukawa ubao, mkaa ukawa chaki.

"Mama, unachokosa wewe ni sarufi."

"Nani?"

"Sarufi."

Nilikuwa nimewasikia kwenye Misa, makerubi na maserafi. "Wale wa mabawa sita? Nao wanakuja na shangazi?"

"Sarufi ni sheria za lugha, mama. Kila jina lina kundi lake, linaitwa ngeli. Ukijua kundi, mengine yanafuata yenyewe. Rudia: kiti kimevunjika."

"Kiti kimevunjika."

"Viti?"

"Vyote? Sasa wageni tutawakalisha wapi?"

"Mama!"

Akaniimbisha. A-WA, U-I, LI-YA, KI-VI. Nikawa naimba nikipepeta ulezi, ki-vi, ki-vi, ki-vi, mpaka vifaranga vya jirani vikaja kuona mama yao amekuwaje. Kosa dogo tu, anapiga mlango kwa kidole. Niseme "maji imekwisha", kidole. Niseme "ng'ombe zangu", kidole. Nikamwambia ng'ombe ni wangu, nimewachunga kabla hujazaliwa, waende ngeli ninayotaka. Kidole.

Lakini nitasema kweli, maana mimi si mtu wa kumnyima mtu haki yake. Siku ya tatu alishika kile cha kuzibia chupa, akasema, "Hiki kizibo." Neno hilo sikuwa nalo, mimi nilikuwa nasema gunzi, maana kwetu chupa tunaziba na gunzi. Kabla hajaniuliza nikasema, "Vizibo vimepotea." Halafu nikashtuka. Hilo "vizibo" nimelitoa wapi? Sikumsikia mtu. Halina sauti ya mama wa Kirando, halina ya mtendaji. Limetoka na sauti yangu mimi. Nikalirudia mara mbili peke yangu stoo, kama mtu amekuta hela mfukoni mwa koti la zamani.

Siku ya nne ndiyo tukafika kwenye *ka*.

Mnajua sisi huku ka ndiyo chumvi yetu. Katoto, kanyumba, kakikombe. Wakiwa wengi, tutoto. Inatoka kwenye Kifipa, tunaimwaga kwenye Kiswahili bila kupima. Nikamwambia binti yangu anipe kakikombe kangu. Kidole kikagonga mlango mpaka mkaa ukadondoka.

"Ka si Kiswahili, mama! Utatuaibisha. Kwenye Kiswahili sanifu udogo ni ki. Nyumba?"

"Kanyumba."

"Kijumba! Mlango?"

"Kilango."

"Mtoto?"

"Kitoto."

"Umeona? Popote mdomo unapotaka ka, weka ki. Basi."

"Na mzee?"

Alikuwa ameshageuka kutazama maharage yasiungue. "Kizee," akasema.

Mmesikia wenyewe. Alisema yeye, si mimi.

Wageni walifika hapohapo kwa binti yangu Jumamosi, mwezi wa saba, ule upepo wetu unaokata masikio. Siku mbili ndani ya mabasi. Shangazi alishuka na khanga mbili, mtandio, juu blanketi la basi, kinaonekana kipua tu. Ila ukimwangalia vizuri ni mama aliyejitunza, mkononi hina, meno yote yake. Mimi namzidi miaka kama kumi. Binti nyuma yake, mpole, macho chini. Upande wetu tulikuwa mimi, mwalimu wangu, na shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ndiye msemaji wa ukoo. Huyo ni mtu wa mwili. Mlangoni anaingia upande. Mwanangu, aliyetangulia kufika jana yake, alisalimia wageni, akasalimia tena, halafu akakimbilia nyuma ya nyumba kupasua kuni ambazo hakuna aliyezitaka.

"Shikamoo, mama," shangazi akaniamkia. Sauti tamu, imenyooka kama uzi. Ulimi wangu ukawasha kuiga, nikauuma.

"Marahaba!" nikasema. Moyo ukanijaa. Nikamwonea huruma na baridi ile, nikataka kumpa neno la kumpakata. Mdomo ulitaka kusema kazee. Nikakumbuka masomo. Nikavuta pumzi, macho darini kama padri, nikasema: "Karibu, karibu sana, kizee chetu! Kizee chetu kimechoka na safari. Kikalishwe karibu na moto, kipate joto."

Mlivyosikia, kila kitu kilikuwa mahali pake. Chetu, kimechoka, kikalishwe, kipate. Kosa hata moja hamna. Nikamtazama mwalimu wangu nipate sifa. Mwalimu kashika ukuta.

"Ati nani?" shangazi akauliza.

Nikadhani hakusikia, masikio ya baridi. Nikapandisha sauti. "Wewe, kizee chetu! Na hiki kitoto chenu, kijisura chake kizuri hivi, nacho kikae!"

Nje shoka likaacha kugonga. Shemeji akaanza kuhesabu mabati.

Shangazi akatua blanketi. "Mama, angalau ungesema bi kizee, ningemeza. Kizee kikavu hivi, hata hiyo 'bi' hukunipaka? Na 'kikalishwe'! Mimi kigoda?"

"Shangazi, tusamehe," binti yangu akaingilia, jasho linamtoka kwenye baridi ile. "Mama yetu hakusoma..."

Hapo nikachukia. "Nimesoma! Juma zima nimesoma, matako yameota alama ya ndoo! Mwalimu wangu huyu hapa. Nilimuuliza mzee, akaniambia kizee."

Shangazi akamgeukia polepole. "We mwanangu, wafundisha?"

"Nimestaafu."

"Somo gani?"

Binti yangu akaficha kile kidole. "Kiswahili."

"Miaka mingapi?"

"Thelathini na mmoja."

"Maskini, watoto wa watu," shangazi akasema, akakaa. Lakini alikaa karibu na mlango, na mkoba hakuuweka chini. Yule binti akamtazama shangazi yake, akatazama mkoba. Nikasema moyoni, haya, mzee wewe, umemfukuza wa pili, na safari hii kwa sarufi.

Basi sikutafuta sauti ya mtu. Nikamwambia kwa mdomo wangu ulivyo. Kwamba huku kwetu kuna ka. Ka unampa mtu unayetaka kumweka mapajani hata kama hapakatiki. Mume wangu, Mungu amrehemu, uzeeni nilikuwa namwita kazee kangu, anaitika hukohuko shambani. Siku nikimwita mzee, anajua kuna vita, anapitia mlango wa nyuma. "Nilitaka kukuita kazee ketu," nikasema. "Nikaambiwa ka si Kiswahili, niweke ki. Nikaweka. Sikujua kwamba yetu inapakata na yenu inatema."

Shangazi akaangalia moto.

"Sasa hiyo ka," akasema, "wakiwa wengi yawaje?"

"Tu. Tuzee."

"Na ketu?"

"Twetu."

"Kazee kangu. Tuzee twetu." Akaonja kama anaonja mchuzi. "Kuku?"

"Kakuku."

"Basi tukuku twetu. Kasufuria kangu, tusufuria twetu. Karedio kameharibika. Turedio... tumeharibika!"

Nilibaki mdomo wazi. Mimi kila neno la Kiswahili nililisubiri sokoni mvua na jua mpaka mtu alidondoshe. Huyu mama kapewa kafunguo kamoja, na chai haijachemka, kashafungua nyumba nzima, anatembea vyumbani, anafungua mpaka kabati. Mwalimu wangu akaniangalia kwa jicho lile la "si nilikwambia." Sikumpa nafasi.

Ila funguo nazo zina ujinga wake. Shangazi kanogewa, kamgeukia shemeji yangu, yule wa kuingia mlangoni upande. "Na haka kababa ketu, mbona hakasemi kitu?"

Yesu na Maria! Huku kwetu mwanaume mzima, tena mkwe, tena mwili ule, ukimwekea ka hapo hujampakata. Umemwambia hafai hata kutumwa chumvi. Shemeji akajitazama tumbo, upande huu, akajitazama upande wa pili. Akauliza taratibu, kwa sauti yake ile ya ndani ya mtungi:

"Haka?"

Binti yangu alikuwa wa kwanza kucheka. Mwalimu, mstaafu, akaanguka kwenye gunia la ulezi. Mimi nikashika magoti. Shangazi anauliza, "Nimekosea? Mbona nimefuata sheria?" na tulivyozidi kucheka akaelewa mwenyewe, akajifunika mtandio usoni, mabega yanaruka.

"Sheria umefuata, shangazi," shemeji akasema. "Mimi ndiye sikuenea."

Shangazi akauweka mkoba chini. Niliuona ukishuka.

Tukala. Ugali wa ulezi aliuangalia kwanza, mweusi vile, akaula tonge la kwanza kama dawa na la tatu kama mtu mwenye njaa. Baada ya kunawa akasema, "Niwaulize neno, msinune."

"Uliza."

"Kwetu watu walilia nilipoaga. Kaka yangu aliniambia, wampeleka mtoto mahali pameandikwa uchawi hadi kwenye bango la stendi? Sumbawanga! Hata jina hawakulificha!"

Shemeji akajikohoza, huyo ndiye msemaji. "Wanga ndiyo uchawi. Hapo hamkudanganywa. Na sumba mliambiwa ni nini?"

"Sumba hatukuambiwa."

"Sumba ni tupa. Unamwambia mtu, tupa. Kama una uchawi wako, uutupe kabla hujaingia."

Binti yangu hakuweza kuvumilia. "Ni kitenzi," akasema, na kidole kikamtoka chenyewe kikagonga meza. "Kiko katika hali ya kuamuru."

Shangazi akamtazama, akanitazama. "Kumbe ni amri! Sisi tulidhani ni tangazo."

Akachukua simu palepale, akaweka sauti ya nje. Kaka yake akapokea kabla haijalia mara mbili, ina maana alikuwa ameikalia. Sauti nzito, ya mtu aliyezoea kuita watu kutoka mbali.

"Vipi? Wazima?"

"Wazima, kaka. Ni amri!"

"Amri ya nani?"

Akamweleza. Mzee wa watu akawa anasema "Alaa" na "Hebu rudia." Halafu shangazi akasema, "Tena nimeitwa kizee."

Nikasikia hata kuku nje. Kisha kikaja kicheko kutoka Tanga, kimepita Morogoro, kimepita Mbeya, kimetufikia bado kina nguvu. "Nani huyo? Miaka yote natafuta mtu wa kukwambia! Nipe huyo mama!"

Nikapewa simu. Nikaishika kwa mikono miwili. Yule binti aliinua macho kwa mara ya kwanza, akaniangalia mimi, si simu. Macho makubwa, yanauliza. Na mimi nikamwona yule mwingine, yule wa ndoo mlangoni.

"Baba," nikasema kwenye simu, "kabla hujasema lako. Mimi naiga watu. Mchumba wa kwanza wa mwanangu nilimwiga sauti, akasikia, akaondoka."

"Mama!" binti yangu akanong'ona.

"Niache. Baba, mtoto wako akija kwangu, atakosea Kifipa, nitacheka. Nami nitakosea Kiswahili, anicheke, hata mbele ya wageni. Lakini nyuma ya mlango sitamcheka tena mtu. Hilo ndilo ninaloweza kuahidi. Mengine siyawezi, mimi ni mzee."

Akauliza, "Na dada yangu umeshamwiga?"

"Bado, baba. Nimekatazwa."

"Hee! Kumbe una watu wa kukukataza. Wewe mtoto, upo hapo?"

"Nipo, baba," binti akajibu.

"Umesikia alivyosema huyu mama?"

"Nimesikia."

"Wewe wasemaje?"

Yule binti akatazama mlango wa nyuma, kule shoka liliko, kimya tangu saa ile ya kizee. Akasema, "Nataka kubaki, baba."

"Basi tumewapa. Ila mama, siku akirudi kwangu analia, nitakuja mwenyewe huko nikuige wewe!"

Shemeji akapiga vigelegele, mwanaume mzima, na hakuna aliyemcheka. Mimi nikatoka nyuma. Mwanangu amekaa juu ya kuni zake, viganja vimetoka malengelenge. Nikamwambia kwa Kifipa, maana Kiswahili kilikuwa kimeniishia chote. Akainuka, akanawa mikono, akanawa na uso, akakaa nao mlangoni mpaka ukakauka, ndipo akaingia na kupiga goti mbele ya mgeni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. We baba, hii ya tatu wanisalimia tangu nifike."

"Zile mbili, shangazi, nilikuwa naogopa."